Mikia Iliyotulia

Luhende alirudisha chupa tupu za dawa mia nne na kumi na mbili. Kandokando yote ya ziwa hakukuwa na mfugaji mwingine aliyefikisha hata mia moja, na ndiyo sababu Justa alitumwa Mwabulenga wiki ya pili ya Novemba, akiwa na kamera, fulana tatu za kijani na barua ya kumwalika mzee huyo Mwanza mjini kupokea tuzo.

Justa alikuwa afisa mazingira wa kampuni inayouza dawa za mifugo. Miaka mitatu nyuma cheo hicho hakikuwepo. Alikuwa akizunguka minadani na gari lenye spika, akiuza dawa ya kupe na sindano za minyoo kama wenzake. Kisha wafadhili wa kampuni wakaanza kuuliza maswali. Chupa tupu zinakwenda wapi? Kwa nini watu wanachotea maji kwa chupa zilizokuwa na sumu? Jibu alilipata Justa mwenyewe, amekaa sebuleni kwake Kiseke na daftari mapajani: mfugaji alete chupa kumi tupu, apewe moja iliyojaa, bure. Mpango ukaitwa Ziwa Safi. Mwaka haukuisha, chupa zikawa hazionekani tena mitaroni wala kwenye matete. Meneja wake, Revocatus, alimsifia mbele ya ofisi nzima.

Alifika Mwabulenga saa nne asubuhi. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, udongo ulikuwa mweusi na majani yamechipua. Luhende alimpokea mlangoni mwa zizi, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba daktari. Karibu sana. Ng'ombe nimewazuia nyumbani kwa ajili yako."

Walikuwa mia na themanini. Justa hakuwahi kuona kundi kama lile. Ngozi zilimeta kama zimepakwa mafuta. Alipita katikati yao akiinua masikio, akichungulia chini ya mikia na kwenye viwele, mahali ambapo kupe hawakosekani. Hakuona hata mmoja. Alipiga picha kumi, akasimama kwenye kivuli cha gari kuziangalia.

Zote zilitoka safi, na hilo ndilo lililomsumbua. Justa alikuwa amepiga picha za ng'ombe kwa miaka minane, na kila picha ya ng'ombe ina mahali palipofifia, mkia uliokuwa unapunga, sikio lililokuwa linapiga. Hizi hazikuwa na mahali kama hapo. Akainua macho. Mikia mia na themanini ilikuwa inaning'inia wima, imetulia kama nguo kwenye kamba ya kuanikia siku isiyo na upepo. Masikio hayakupiga. Ng'ombe walikuwa wanacheua, wanamtazama, na hapakuwa na nzi hata mmoja wa kufukuza.

"Mzee, unawaogesha mara ngapi?"

"Jumatatu, Jumatano na Jumamosi," Luhende alisema kwa fahari. "Na sindano kila mwezi. Wengine wanaogesha mara moja kwa wiki, halafu wanashangaa chupa haziishi."

 Justa aliiandika namba hiyo kwenye daftari.

Waliondoka kwenda kuona malisho. Hatua mia mbili kutoka zizini, Justa alianza kukanyaga kwa uangalifu, halafu akasimama kabisa. Mavi ya ng'ombe yalikuwa yametapakaa kote, yamekauka, mviringo mmoja karibu na mwingine kama sahani zilizopangwa na mtu. Mengine yalikuwa mapya. Mengine yalikuwa ya mvua zilizopita, na mengine ya kabla ya hapo, rangi zilionyesha. Aligeuza moja kwa ncha ya kiatu. Chini yake majani yalikuwa meupe, yamekufa. Hapakuwa na funza, hapakuwa na mchwa, hapakuwa na tundu hata moja la wale dundu weusi wanaoviringisha mavi na kuyazika. Msimu wa mvua dundu hao huja ndani ya dakika chache, wanaanguka kutoka angani kama mawe.

"Hayaozi," Luhende alisema nyuma yake. Fahari ilikuwa imemtoka sautini. "Mwaka wa pili sasa. Ng'ombe hawali karibu nayo. Kila mwezi malisho yanapungua."

"Hukuwahi kumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, daktari? Watu wameshasema vya kwao."

Mbele yao, karibu na kichuguu kilichohamwa, ng'ombe jike alikuwa amesimama peke yake. Miguuni pake alilala ndama. Justa alidhani amesinzia, mpaka harufu ilipomfikia. Tumbo lilikuwa limevimba, miguu imekakamaa. Macho yalikuwa mahali pake.

"Amelala hapa siku ngapi?"

"Ya sita leo. Kinena kilianza kumvimba, tukamchoma sindano, akafa siku ya tatu. Nilimwacha ili korongo wamle. Unawajua, wale wenye upara, wanashinda jalalani kule mjini. Miaka yote wanakuja. Safari hii hawakuja. Nikawaita mbwa wangu." Luhende alielekeza kofia miguuni pa Justa. "Walifika pale uliposimama wewe, wakakaa chini wakaanza kulia."

Justa aliinama juu ya mzoga. Ndama aliyekufa siku sita zilizopita, msimu wa mvua, na hapakuwa na hata yai moja la nzi kwenye pua yake. Harufu ilikuwa kali, ilikuwa inaita kwa nguvu zake zote, na hapakuwa na kiumbe aliyeitika. Mama yake alimlamba shingo, akainua kichwa, akaendelea kungoja.

Nyumbani, mama yake Luhende alikuwa amekaa ukumbini akichambua choroko kwenye ungo. Aliitwa Bibi Minza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia samadi, na Justa, ambaye alizaliwa Bukoba lakini alikuwa amefanya kazi Usukumani muda wa kutosha, alijua macho kama yale yamewagharimu nini vikongwe wengi walioitwa wachawi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa." Vidole vyake havikusimama. "Unasikia?"

Justa alitega sikio. "Sisikii kitu, bibi."

"Ndiyo hicho. Nimezaliwa hapa hapa. Asubuhi nilikuwa naamshwa na ndege, jioni vyura wananilaza. Sasa nikiamka nafikiri nimekufa, mpaka nisikie ng'ombe akikojoa."

Mchana huo Justa alishuka peke yake mpaka kwenye kijighuba ambako bomba la kupulizia dawa lilikuwa linaoshwa. Maji yalikuwa maangavu kiasi cha kuona mchanga wa chini, na ziwa lile kwa kawaida haliko hivyo. Matete yalisimama bila kutikisika. Alitupa jiwe. Mawimbi yakaenda, yakarudi, na hakuna kilichoruka wala kuchupa.

Alipokuwa anapanda kurudi, mtu alimwita kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. Alikuwa jirani, Ngosha, mwenye ng'ombe watatu na shamba la pamba.

"Wewe ni mgeni, nitakwambia," Ngosha alisema akishusha sauti. "Usilale pale. Na usile. Yule bibi kaifunga ardhi. Kachukua uhai wa vitu vidogo vyote kawapa ng'ombe wa mwanawe. Si umewaona wanavyong'aa?"

"Nani kasema hivyo?"

"Kila mtu. Jumamosi kuna mkutano. Tutapiga kura." Aliona Justa hajaelewa. "Kila mtu anaandika jina kwenye karatasi, kwa siri. Jina likizidi, mwenye jina anajulikana."

"Halafu?"

Ngosha aliangalia pembeni. "Halafu sijui. Mimi huwa narudi nyumbani."

Justa alipanda juu ya kilima kutafuta mtandao, akampigia Revocatus. Alimweleza mikia, mavi, ndama, maji, na kura.

"Justa, umepiga picha?"

"Nimepiga. Lakini bosi, wanazidisha dawa kwa sababu yetu. Anaogesha mara tatu kwa wiki ili chupa ziishe. Tumewalipa watu wamwage sumu."

"Huo ni uzembe wa mfugaji. Maelekezo yako kwenye lebo."

"Lebo ni ya Kiingereza."

"Sikiliza. Wafadhili wanatua Jumanne. Tuletee mzee, tuletee picha. Mambo ya uchawi iachie serikali ya kijiji. Tumeelewana?"

Revocatus alikata simu. Justa alibaki amekaa juu ya jiwe muda mrefu, akiangalia kundi lile likilisha kwa mbali. Alimfikiria mama yake mwenyewe, ambaye naye alipika kwenye moshi, ambaye naye macho yalikuwa yameanza kubadilika.

Kesho yake, Ijumaa, alifanya jaribio. Alimwomba Ngosha, ambaye hakuwa na uwezo wa kununua dawa tangu mwaka jana, ampe mavi ya ng'ombe wake yakiwa bado ya moto. Mengine akayatoa zizini kwa Luhende. Akayaweka mafungu mawili juu ya tuta la mpakani, umbali wa hatua moja, akakaa chini kungoja. Ngosha alisimama mbali, hakutaka kukaribia.

Haikufika nusu saa, dundu wa kwanza alikuja kutoka upande wa mashamba ya pamba, akaanguka kwenye fungu la Ngosha. Akafuata mwingine. Kabla ya saa kupita fungu lile lilikuwa linachemka, linapasuka, vidonge vinaviringishwa kila upande. Fungu la Luhende nalo lilipata wageni, kwa kuwa dundu hawajui kuchagua. Waliingia. Walitoka wakitembea kwa duara, kama walevi, duara zikazidi kuwa ndogo, kisha wakapinduka chali mmoja mmoja, miguu ikipiga hewa. Justa alihesabu mpaka thelathini na sita, akaacha. Ule mlio wa miguu yao midogo ikikwaruzana ulikuwa sauti ya kwanza ya mdudu aliyoisikia tangu afike.

"Mungu wangu," Ngosha alisema. Alikuwa amesogea bila kujijua. "Kumbe wanakuja hapa kufa."

"Utayasema haya kesho?"

Ngosha aligeuka, akarudi nyumbani.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule saa tatu asubuhi. Walikuja watu zaidi ya mia mbili. Justa alipofika na mabeseni mawili yaliyofunikwa kwa magunia, karatasi zilikuwa zimeshakusanywa kwenye ndoo ya plastiki, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameiweka mezani mbele yake. Bibi Minza alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, kitenge kipya. Alisema hataki mtu aseme alijificha. Kumzunguka, kila upande, palikuwa na nafasi tupu ambayo hakuna aliyekubali kuikalia. Luhende ndiye pekee aliyesimama nyuma yake.

"Mwenyekiti, naomba saa moja," Justa alisema. "Kabla hamjasoma."

"Wewe si mwanakijiji."

"Mimi ndiye niliyeleta kitu hicho mnachokitafuta. Jina langu halimo kwenye ndoo, lakini lingepaswa kuwemo."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mtama. Mwenyekiti alimtazama, akatazama ndoo, akasema, "Saa moja."

Aliweka mabeseni katikati ya uwanja, akafunua, akasema lipi ni la nani. Kisha watu mia mbili walikaa kimya wakitazama mavi. Jua lilipanda. Dakika ishirini hakuna kilichokuja. Mtu mmoja alicheka. Mwingine akasema tusome karatasi, kazi zinatungoja.

Ndipo dundu wakaanza kushuka. Waliokuwa nyuma walisimama, kisha wote wakasogea, duara likabana, mpaka mwenyekiti mwenyewe akaja kuchutama mbele. Waliona beseni moja likichemka. Waliona beseni la pili, duara zile ndogo, miguu ile ikipiga hewa. Mwanamke mmoja alifunika mdomo kwa khanga. Walitazama mpaka yule wa mwisho alipotulia.

"Ni dawa ya kupe," Justa alisema. "Dawa si mbaya ikitumika kwa kiasi. Mzee Luhende aliizidisha kwa sababu nilimwambia akileta chupa kumi tupu nitampa moja iliyojaa. Nilifikiri nasafisha ziwa. Inabaki kwenye mavi, inaua dundu na nzi. Mkiosha bomba ziwani inaua vinavyoliwa na vyura, inaua samaki wadogo. Ndege wakikosa chakula wanahama. Hakuna mtu aliyefunga ardhi. Ni mimi, na wazo langu."

"Na ndama?" mtu aliuliza. "Mbwa walikataa ndama. Tulisikia wakilia."

Justa alifungua kinywa. Angeweza kubuni kitu. "Nzi naweza kukueleza," alisema. "Mbwa sijui."

Justa alidhani ameharibu kila kitu. Ndipo Ngosha akatoka kwenye kundi, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Jana niliona vilevile kwenye tuta langu. Haikuwa beseni, haikuwa ujanja wa huyu dada. Mimi karatasi yangu naitaka nirudishiwe."

Mwingine akasema naye anaitaka yake. Sauti zikazidi. Mwenyekiti alinyanyua ndoo, akaangalia ndani kama mtu anayechungulia kisima, kisha akaita kiberiti. Zilichomwa pale pale, hazikusomwa, na watu walisimama wakitazama mpaka majivu yakapeperuka.

Hayo yote yalikuwa mwaka jana. Kampuni ilimsimamisha Justa kazi Jumatatu iliyofuata, kwa simu, na tuzo ikaenda kwa mfugaji mwingine. Baada ya miezi miwili mpango wa chupa ulifutwa kimyakimya; tangazo lilisema Ziwa Safi inaingia awamu ya pili. Luhende alipunguza kuogesha, mara moja kwa wiki mbili, mbali na maji. Kupe walirudi upesi kuliko dundu. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ilimchukulia ng'ombe kumi na mmoja kabla ya mwaka mpya, na siku moja alimpigia Justa simu akakaa muda mrefu bila kusema chochote, kisha akakata. Hakuwahi kumlaumu kwa maneno.

Bibi Minza hakubaki. Watu walikuwa wameamini kwamba ni dawa. Walikuwa wanamsalimia, lakini wakipita haraka. Mwezi Januari alisema anakwenda kuishi kwa binti yake Rose, Nansio, na Justa akajitolea kumpeleka mpaka kwenye meli. Njia nzima hawakuongea sana. Bandarini, wakati wapakiaji wanabeba gunia lake la choroko, bibi alimshika Justa mkono.

"Ulinisaidia, mwanangu. Sitasahau. Lakini bora wangezisoma zile karatasi."

"Kwa nini, bibi? Zingekuua."

"Labda. Ila ningejua nani hakuniandika." Alitazama maji yaliyokuwa yakipiga ukingo wa gati. "Hata mmoja tu angetosha. Ningekaa karibu na huyo. Sasa nikimwangalia kila mtu, nikimwangalia hata mwanangu, sijui."

Alipanda polepole, akishika kamba, na hakugeuka nyuma.

Justa alirudi kwenye gari lake. Kwenye daftari lake kulikuwa na orodha ya vijiji vingine kumi na vitatu alivyoviingiza kwenye mpango, na hakuna aliyemtuma kuvirudia. Alivirudia. Kila alipofika alifanya jambo moja kabla ya kushuka: alizima injini, akashusha vioo vyote, akasikiliza. Vijiji tisa vilikuwa na kelele, vyura, nzi, kunguru, ng'ombe wakijipiga mikia. Hapo aliwapungia watu mkono, akaendelea. Vinne havikuwa na sauti yoyote. Katika kila kimoja cha hivyo vinne aliteremka, akamsalimia mtu wa kwanza aliyemkuta, akauliza swali lilelile.

"Kuna bibi kizee hapa mnayemsema?"

Lilikuwepo jina kila mahali. Walimtajia bila kusita.